Sewa Haji: Tajiri wa Misafara Aliyeacha Majumba Yake kwa Wagonjwa



Ndugu zetu katika imani, katika Mfungo Mosi tulivuka bahari kwenda bara, tukapanda treni ya SGR hadi Kilosa, na kutoka hapo tukachukua gari hadi Mikumi. Tulialikwa na walimu wa vyuo viwili vya Qur-aan. Cha Kilosa kiko bondeni, upande unaofikiwa na maji kila Mto Mkondoa unapofura, na wenyewe bado wanahesabu umri wa watoto wao kwa mafuriko ya Januari 2010. Cha Mikumi kiko nyuma ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, malori yanapita usiku kucha na mwalimu anasomesha kwa sauti ya kuyashinda.

Mwalimu huyo wa Mikumi alituuliza suali ambalo tumerudi nalo Unguja na halijatutoka. Alisema watu wa Mikumi si bahili. Ijumaa wanatia, Ramadhani wanafuturisha, bati likitoboka wanachanga. Lakini kila mwaka anazika mzee mmoja au wawili waliokipenda chuo maisha yao yote, wenye nyumba, wenye fremu za maduka barabarani, na siku ya arubaini mali yote imeshagawiwa na chuo hakikuachiwa hata tofali. Je, anauliza, sisi wadogo tunampataje mtu wa kutuandikia kitu kitakachobaki baada yake? Wakubwa wana wenyewe. Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale pale Mikumi ina kanisa zima nyuma yake, na hatulisemi hili kwa husuda, tunalisema kwa sababu mwalimu alilisema na ni kweli.

Hatukumjibu kwa hukumu za fiqhi. Hukumu anazijua. Tulimsimulia maisha ya mtu mmoja ambaye mali yake ilipita katika nchi ile ile aliyokaa yeye, juu ya vichwa vya wapagazi, kabla ya barabara wala reli. Tunayaandika hapa kwa ajili ya familia zetu za visiwani, kwani mtu huyo alizaliwa kwetu na alifia kwetu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851. Jamaa zake walikuwa Makhoja waliotoka Kachi, Bara Hindi, na madhehebu yao ni ya Kiismailia. Tunalitaja hili mapema ili msomaji asije akahisi tumemficha jambo. Sisi na wao tunakhitilafiana katika mambo makubwa ya itikadi, na si hapa pahala pake. Tunachosoma katika maisha yake ni namna mwenye mali anavyoipanga mali yake kabla ya mauti kumfikia, na katika hilo mtu hujifunza kwa yeyote.

Baba yake alikuwa na duka Zanzibar na akafungua jengine Bagamoyo. Kijana aliingia katika biashara ya baba angali hajatimiza miaka 20. Kwa wasioijua Bagamoyo ya wakati huo, ilikuwa ndiyo mlango. Kila aliyetaka kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka hapo Ujiji au Buganda, alianzia pale. Wanyamwezi walishuka kwa maelfu na pembe za ndovu, wakapumzika, wakapanda tena na mizigo ya pwani: merikani na kaniki kwa doti, shanga za kila rangi, masango ya shaba, bunduki na baruti. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Ugogo hupiti bila ya hongo, na hongo haikulipwa kwa rupia.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kumfungia msafiri mizigo hiyo, kumtafutia wapagazi, kumkopesha ikiwa amepungukiwa, na kununua pembe, sandarusi na pembe za kifaru msafara ukirudi. Anayeshika wapagazi alishika biashara yote. Mzungu angeweza kuja na fedha nyingi namna gani, lakini bila ya vichwa vya kubeba angekaa Bagamoyo hadi mvua zimkute.

Na hivyo ndivyo ilivyomkuta Stanley. Mapema mwaka 1871 mwandishi yule wa gazeti la Marekani alifika Bagamoyo akiwa na haraka ya kumtafuta Livingstone, akaelekezwa na tajiri mkubwa wa Zanzibar, Tharia Topan, kwa kijana wa Kihindi wa Bagamoyo mwenye uwezo wa kupata wapagazi. Kijana huyo alikuwa Sewa Haji, umri wake yapata miaka 20. Katika kitabu chake Stanley amemlalamikia vikali: wapagazi wachelewa, hesabu hazilingani, bei zapanda. Hatuwezi leo kukaa baina yao tukahukumu. Stanley aliwasema vibaya wengi, na mfanyabiashara kijana aliyeona mgeni ana haraka na fedha, huenda kweli hakumwonea huruma. Tunalitaja kwa sababu wasifu wa mtu mwenye kheri ukiandikwa bila ya doa lolote, msomaji mwenye akili huacha kuuamini.

Msafara ule, watu zaidi ya 190 katika makundi matano, uliondoka Bagamoyo, na kundi la mwisho likatoka mwezi wa Machi. Ukavuka Mto Ruvu, ukapita Simbamwene ambako leo ni Morogoro, kisha ukateremka bonde la Mkata. Msomaji aliyewahi kupita Hifadhi ya Mikumi akaona uwanda mpana wa nyasi na nyumbu na twiga, basi sehemu kubwa ya uwanda huo ndio Mkata. Wakati wa masika ni tope. Mizigo iliyofungwa katika ghala la Sewa Haji ilivuka pale juu ya vichwa, watu maji yakiwafika kiunoni, punda wakafa, homa ikawashika, kisha wakapanda kando ya Mto Mkondoa, ndani ya wilaya ya Kilosa ya leo, kuelekea Mpwapwa.

Tulipofika hapa katika masimulizi, mwalimu wa Kilosa aliinama, akasema babu yake alikuwa mpagazi. Hakusema zaidi.

Kwa miaka 20 iliyofuata Sewa Haji akawa ndiye mtu wa misafara. Wamishenari, wavumbuzi, na baadaye Wajerumani wenyewe walipitia kwake. Vita vya Abushiri mwaka 1888 na 1889 viliiharibu Bagamoyo, wafanyabiashara wengi wakakimbilia Unguja, yeye biashara yake ikanyanyuka tena. Makampuni ya Kijerumani yalimwonea kijicho, kwani walikuja na bendera na mizinga, na bado wapagazi wakaendelea kwenda kwa Mhindi yule.

Hapa pana jambo tusiloweza kuliruka. Biashara ya njia ile ilichanganyika na utumwa na baruti. Pembe nyingi zilishuka mikononi mwa watu wasio huru. Mwenye kupata faida katika njia hiyo, mali yake ina masuali mbele ya Allah, na atayajibu yeye. Vijana hutuuliza mara kwa mara kuhusu sadaka ya mwenye mali yenye shaka, na sisi huwajibu kwamba anayepokea kwa ajili ya masikini hakulazimishwa kuichimba historia ya kila rupia, isipokuwa kilicho haramu bayana mikononi mwake. Ama aliyetoa, hesabu yake ni baina yake na Mola wake.

Tunaingia sasa katika miaka aliyoanza kutoa. Mji mkuu wa Wajerumani ulihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na reli hata haijaanza. Sewa Haji angali na miaka 40 tu. Bado hajazeeka wala kuugua, na hilo tuliliwekea mkazo kwa walimu wetu wawili. Alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe skuli, na akaweka sharti: watoto wa rangi zote wasome pamoja, asikataliwe Mswahili wala Mhindi. Fikirini, ndugu zangu, ni miaka ya 1890, chini ya serikali iliyoweka kila rangi pahala pake. Jengo lile lipo hadi leo na watoto wanasoma ndani yake, sasa linaitwa Skuli ya Msingi Mwambao. Wamishenari wa Kikatoliki nao walipata mkono wake katika mambo ya tiba. Na Dar es Salaam akatoa fedha ya kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi, ambayo ilikamilika mwaka 1897. Mwaka huo huo Wajerumani walifungua hospitali yao wenyewe ufukweni, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali mbili, mji mmoja, mwaka mmoja. Ya pili haikuwa na nafasi kwa mgonjwa mweusi.

Sharti ni jambo kubwa. Mtoaji asiyeweka sharti humwachia msimamizi afanye atakavyo, na mwenye kuweka masharti kumi huifunga mali yake isifae. Sewa Haji aliweka moja, fupi, likaeleweka.

Kisha likaja lile tuliloendea safari yote hii. Kujenga hospitali ni sadaka, lakini hospitali hula kila siku. Inataka dawa, chakula, mashuka, mshahara wa mpishi. Sewa Haji, mtu wa hesabu, alilijua hili kuliko mimi na wewe. Basi akapanga majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam vibaki, visiuzwe, na mapato yake yatumike kwa wagonjwa wa hospitali ile na kwa watu wenye ukoma, wale ambao hata ndugu zao waliwakimbia, wapate chakula na nguo. Usimamizi akauweka mikononi mwa serikali. Tarehe 10 Februari 1897 akafariki hapa Zanzibar, umri wake hata miaka 46 haujakamilika vyema. Mpango wake ulikuwa umeshaandikwa.

Kila mwanafunzi wa chuo chetu atakuambia huu ni mfano wa alichoelekezwa Sayyidna Umar (Allah amridhie) alipopata ardhi yake ya Khaybar na kumwendea Mtume kutaka ushauri: shina lizuiwe, tunda litolewe. Hauzwi mnazi, huliwa nazi. Sisi visiwani hili tunalijua kwa macho. Misikiti yetu ya Mji Mkongwe imeishi kwa mashamba ya mikarafuu na nyumba za wakfu, na tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya kusimamia.

Na tuna pia mfano wa kinyume, uko hapo Mizingani karibu na bandari, watalii wanaupiga picha. Tharia Topan, yule yule aliyemwelekeza Stanley, aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887. Alikuwa tajiri kumpita Sewa Haji. Akafariki mwaka 1891 jengo halijamalizika na mpango wa kuliendesha haujakaa. Nia ya hospitali ikapotea njiani. Baadaye mfanyabiashara mwengine akalinunua, chini ikawekwa zahanati ya kutibia masikini na juu zikakodishwa nyumba, ndiyo maana wazee wetu wakaliita Dispensari hadi leo. Angalia hilo: nakshi za mbao zile nzuri hazikumtibu mtu, kodi ya ghorofa ndiyo iliyofaa.

Tumerudi kwa suali la mwalimu. Kwa nini Sewa Haji aliikabidhi serikali ya kigeni, isiyo ya dini yake, badala ya jamaa, au kikundi kidogo cha Waislamu wa Bagamoyo? Sisi tunaona jibu liko wazi katika kazi yake. Mtu aliyekopesha misafara maisha yake yote humtazama anayempa mali kwa jicho la mkopeshaji: huyu yupo kesho? Ana daftari? Akifa yeye, nani atashika? Serikali ilikuwa na daftari. Vyuo vya wakati ule vilikuwa na mwalimu mmoja mwema, na mwalimu akifa chuo kinafungwa.

Na hili ndilo linalowakosesha wadogo hadi leo. Tulimuuliza mwalimu wa Mikumi: chuo kimesajiliwa kwa jina la nani? Kwa jina la marehemu baba yake. Kiwanja? Hati iko kwa ami yake Morogoro. Hesabu za Ijumaa? Anazikumbuka. Ni mkweli, wallahi, hatujawahi kuona mkweli kama yeye, lakini mzee mwenye fremu nne hawezi kuandika wasia kwa kitu kisichokuwa na jina katika karatasi. Huko bara bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, na RITA hiyo hiyo hupokea na kuhifadhi wosia. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta mtoaji inaanza kwa mwenye kutafuta kujipanga: wadhamini watatu au watano wasiokuwa ndugu watupu, daftari linalosomwa hadharani mara moja kwa mwaka, na hati ya kiwanja iondoke kwa ami.

Mtoaji wenyewe yuko karibu kuliko tunavyodhani. Si tajiri wa Dubai. Ni yule anayetia kidogo kila Ijumaa kwa miaka 15 bila kukosa. Ni mama mjane aliyesomesha wajukuu wake chuoni. Ni mzee ambaye Allah hakumruzuku mtoto. Hao wanangojea waambiwe, nasi tunaona haya kuwatajia mauti. Mwezi wa kwanza usimwombe kitu, mtembelee. Wa pili mweleze wakfu ni nini na wasia ni nini, kwani wengi wanavichanganya. Wakfu akiwa na afya yake, aweza kutoa anachotaka, maadamu hawadhulumu anaowajibika kwao. Akisema nyumba hii iwe wakfu nikifa, hiyo imechukua hukumu ya wasia, haivuki thuluthi ila warithi wakiridhia. Thuluthi nayo, kama alivyoambiwa Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi, ni nyingi. Na wasia kwa mrithi haupiti bila ya idhini ya wenziwe. Kisha watoto wake waambiwe angali hai, wakae kikao kimoja. Kinachovunja wasia mara nyingi si ubaya wa warithi, ni kushtukizwa.

Tuna jeraha letu katika jambo hili. Miaka mingi nyuma, mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Unguja alituambia, tukiwa wawili barazani baada ya alaasiri, kwamba nyumba yake ndogo ni ya chuo akifa. Tuliitikia, tukamwombea dua, tukanywa kahawa. Hatukumwambia andika. Tuliona ni utovu wa adabu. Alipofariki tulikuwa shahidi mmoja tu, watoto wake hawakuwahi kusikia, wakaiuza, na hawakukosea. Nyumba ile sasa ni duka la simu. Kila tukipita tunajua aliyekosea ni nani.

Ama amana ya Sewa Haji, hali yake ilifuata hali ya dunia. Wajerumani waliondolewa Dar es Salaam mwaka 1916, wakaja Waingereza, na hospitali yenye jina lake ikaendelea kuwa hospitali ya Waafrika wa mji ule kwa miongo kadhaa. Miaka ya 1950 ikajengwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na ile ya zamani ikabomolewa. Jina lilihamishiwa wodini. Ukienda leo Muhimbili kumtazama mgonjwa ukaambiwa yuko Sewa Haji, basi ni huyu tuliyemwandika. Wengi wetu visiwani tumelala kwenye mikeka nje ya wodi hiyo kusubiri habari ya ndugu, tukidhani ni jina la mtaa.

Hata hivyo sadaka zake zinazojulikana zote ziko pwani. Kilosa mizigo yake ilipita, haikusimama. Mwalimu wa Kilosa, mjukuu wa mpagazi, ndiye aliyetuonesha hilo. Sisi na vitabu vyetu hatukuwa tumeliona.

Wiki iliyopita mwalimu wa Mikumi ametupigia simu. Ami yake ameikubali safari ya kuja na hati. Na yule mzee wa fremu nne, baada ya kukaa na watoto wake, amesema fremu moja, ya mwisho upande wa gereji, iwe wakfu wa chuo kuanzia sasa, kodi yake ilipe mwalimu wa pili. Ameweka sharti moja: watoto wa kike wasome wakati sawa na wa kiume, wasisukumwe jioni sana. Mwalimu alituuliza kama sharti hilo lasihi. Tukamwambia lasihi, aliandike.